Jumapili Ishirini na Tatu

Tarehe 3 Machi

Mpwa wangu Ndoo,

Bwana asifiwe. Sisi tupo, tunasukuma siku. Mkaza mjomba wako goti limempoa kidogo, sasa anapanda ngazi moja moja kama mtu anayezikagua. Mjukuu ameota meno mawili na tayari amemng'ata mama yake mara nne. Mama yako, dada yangu, nilimpitia Jumapili baada ya ibada. Alinipa kiti, akanipa maji, kisha akakaa jikoni mpaka nilipoondoka.

Nimekupigia simu mara kumi na saba, na mara zote imeita mpaka ikachoka. Anwani nimeipata kwa dereva wa lori la saruji, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Sasa tuzungumze, na ili tusibishane naandika mambo yalivyokuwa. Slabu ya nyumba ya uzazi ya Mkunga ni mita kumi na mbili kwa tisa. Tulipovua mbao zilizoshikilia zege, mvua ya kwanza tu ikachora mstari wa maji kwenye dari, umenyooka toka ukuta hadi ukuta kama umepigwa kwa rula. Mkaguzi akaja na nyundo yake, akagonga, akauliza nani alikuwa anahesabu saruji. Nikasema ni wewe. Ni kweli au si kweli? Msimamizi wa zege ulikuwa wewe na daftari lilikuwa lako. Akaandika kwenye ripoti kwamba zege lilikuwa dhaifu kwa uzembe wa msimamizi. Nikakuachisha kazi pale pale mbele ya mafundi, kwa sababu mwenye kampuni hawezi kuonekana anambeba ndugu yake mgongoni.

Najua iliuma. Lakini nina watu ishirini na sita wanaokula kupitia mashine zangu mbili za kuchanganya zege. Mimi nilianza na karai la kuazima, nikiwa na miaka kumi na tisa, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Leo nina hamsini na mitatu. Unajua ninachomwomba Mungu kila alfajiri: jengo la ghorofa nne lenye jina langu kabla sijafika hamsini na mitano. Jengo hilo lipo. Ni la ushirika wa walimu, na wameshaanza kuuliza habari zangu. Ningekubali mkaguzi aandike jina langu kwenye ripoti ile, ningekuwa nimeizika miaka thelathini na minne kwa mkono wangu.

Kwa hiyo rudi. Utamwomba Mkunga radhi, nami nitakuweka stoo ya vifaa mpaka upepo utulie. Siku sita piga kazi, ya saba mpe Bwana. Ndivyo nilivyofika hapa, na wewe utafika.

Mjomba wako,
Siku Sita

*

Tarehe 30 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilisafiri na lori, ikakaa kwenye ofisi yao siku tisa chini ya birika la chai. Nimeisoma pamoja na duara la birika.

Mimi mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja na mlango usiofunga mpaka uuinue kwa goti. Mwenye nyumba ana redio inayosikika mtaa mzima, kwa hiyo habari za dunia ninazipata bure. Mpe pole mkaza mjomba. Mwambie asikande goti kwa maji ya moto sana. Mjukuu mwacheni ang'ate, atazoea.

Mama nimeongea naye. Sikumwuliza kwa nini alikaa jikoni.

Stoo sitakuja, ahsante. Nina ombi moja. Ofisi ya usajili wa mafundi inafanya mtihani wa wasimamizi mara moja tu kwa mwaka. Ili uukalie unahitaji barua ya mwajiri yenye muhuri, kwamba umefanya kazi ya ujenzi miaka sita kamili au zaidi. Kwako nilifanya miaka sita na miezi minne. Pia jina lako lisiwe kwenye ripoti ya uzembe. Langu lipo, na wa kuliondoa ni mwenye kampuni peke yake, akimwandikia mkaguzi kwamba chanzo kilikuwa kingine. Mwisho wa kupokea ni tarehe 31 Mei.

Unajua ninautaka mtihani huu tangu lini. Wewe ndiye uliyeniambia niweke lengo, nilipigie magoti, kisha nisimame nilifanyie kazi. Nimefanya yote mawili.

Kuhusu saruji: mizunguko ya mashine ilikuwa 112, mfuko mmoja kila mzunguko. Mifuko mitupu niliifunga kumi kumi, na ile miwili ya mwisho peke yake, nikamkabidhi mtunza stoo na akatia sahihi. Mizunguko 78 ilikuwa ya Jumamosi, 34 ya Jumatatu. Mstari wa maji uko pale ulipoishia mzunguko wa 78. Zege lililokauka siku mbili halishikani na bichi kwa kuombewa. Haya unayajua kuliko mimi, na sitayaandika zaidi ya hapo kwa sababu wewe ni mjomba wangu.

Mpwa wako

*

Tarehe 24 Aprili

Mpwa wangu,

Bwana asifiwe. Goti limerudi kuuma, na mkaza mjomba wako anasema ni kwa sababu ya ushauri wako wa maji ya uvuguvugu, lakini alisema huku anacheka. Anakusalimu. Mashine ndogo nimeibadilishia injini. Mtunza stoo amepata mtoto wa kike.

Barua yako imenichoma. Nimeisoma mara tatu nikitafuta neno pole, sikuliona. Niliona 112, niliona 78, niliona 34. Hesabu nilikufundisha mimi, mwanangu, usinirudishie kama mawe.

Sawa, tuseme habari za Jumamosi ile. Mkanda wa mashine ulikatika asubuhi, na mpaka mpya unafika ilikuwa saa sita mchana. Ulisema tuahirishe mpaka Jumatatu. Nilikuwa nimemwahidi Mkunga Jumamosi, na mimi neno langu ni nondo. Tukaanza saa sita. Saa kumi na mbili jioni nikazima mashine, kama ninavyozima kila Jumamosi kwa miaka kumi na sita, ili watu waoshe vyombo, waoge, waingie siku ya Bwana wakiwa safi. Ulitaka nifanyeje? Nivunje ahadi niliyompa Mungu kwa ajili ya mizunguko thelathini na minne? Bango langu liko getini, kila mtu analisoma: HAPA HATUFANYI KAZI SIKU YA BWANA. Katika kazi zangu kumi na moja za mwisho, saba zimekuja kwa sababu ya bango lile. Nimezihesabu. Watu wanasema, huyu hawezi kutuibia mifuko. Mungu hamwachi anayemheshimu.

Na hapo nina neno kwako. Dereva ananiambia unafanya kazi kwenye uwanja wa matofali, na kwamba Jumapili amekuona umeshika mpira wa maji, umekunja sketi. Niliona haya mbele ya dereva, na yeye si mtu wa kanisani hata kidogo. Miaka yote uliyokaa chini yangu ndiyo imekufunza hivyo?

Barua yako nimeambatanisha, muhuri umegongwa. Nimeandika miaka mitano. Mwaka wa kwanza na ushei ulikuwa unabeba maji tu, huo si ujenzi, na mimi siandiki uongo kwenye karatasi ya kampuni. Ukiwaomba vizuri watakusikiliza. Habari ya ripoti tuiache kwanza. Walimu wanakaa kikao mwanzoni mwa Juni.

Mjomba wako

*

Tarehe 11 Mei

Mjomba, shikamoo.

Mpe hongera mtunza stoo. Mkaza mjomba mwambie aache kunisingizia, atumie kitambaa.

Barua ya miaka mitano nakurudishia. Sijaikunja upya. Weka, huenda ikamfaa mtu wa miaka mitano.

Umeniuliza habari za Jumapili. Ni kweli. Hapa tunafyatua matofali, na tofali bichi linakunywa maji siku saba, halijui dini ya mtu. Naenda ibada ya saa moja asubuhi, nikitoka nashika mpira wa maji. Jumapili mbili za mwezi ni zangu, mbili za mwenzangu, na mwenye uwanja anatulipa.

Sasa na mimi nakuuliza. Slabu nayo inakunywa maji siku saba. Wewe unamwaga zege Ijumaa au Jumamosi. Jumapili mafundi wote wako makwao, geti lina kufuli, bango linaangalia barabara, na jua linawaka juu ya zege la siku moja. Jumatatu saa moja asubuhi unafika, unapanda juu, unakuta slabu imelowa na magunia yanachuruzika. Ni nani alikuwa anamwagilia?

Usiseme hukujua. Ufunguo wa pili wa geti ulinipa wewe mwenyewe, Jumamosi ya kwanza kabisa, mwaka ule unaouita wa kubeba maji. Uliniwekea kiganjani, ukaangalia pembeni, ukasema, "Zege likikauka ghafla linapasuka." Hukusema kingine, na mimi sikuuliza.

Niliamka mapema, nikajaza ndoo kwenye pipa la uani, nikapanda nazo ngazi ya mbao. Ndoo ishirini na tano kabla ya ibada, ishirini na tano baada ya ibada. Mafundi wakaniita Ndoo, nawe ukalipenda jina. Mwaka juzi ulisimama kanisani kutoa ushuhuda. Ukasema, "Slabu zangu hazipasuki kwa sababu Jumapili namwachia Mungu, na Mungu analeta umande wake." Watu wakapiga makofi. Mpiga kinanda akaongeza noti mbili. Mimi nilikuwa kwenye kwaya, mstari wa tatu, na pindo la sketi yangu lilikuwa halijakauka. Niliona wenzangu wawili wananiangalia miguuni. Nikapiga makofi pamoja nao.

Slabu ishirini na tatu, Jumapili ishirini na tatu. Sikudai malipo wala kutajwa. Nilimwambia Mungu, hii ni kazi yangu kwako, kwa sababu mjomba amebeba jina lako getini na jina lako lisipasuke. Nilikuwa mjinga, lakini niliomba kwa moyo. Nikadhani siku utakayotakiwa kusema ukweli kwa ajili yangu, hutaangalia pembeni tena.

Na mimi nina aibu yangu, nikuandikie ili usidhani nimekaa huku najiona malaika. Siku mkaguzi aliyouliza, daftari lilikuwa mfukoni mwa aproni. Sahihi ya mtunza stoo ilikuwa ndani. Uliponinyooshea kidole, mkono wangu ulishika daftari, ukabaki nalo humo humo. Nimelelewa nikiambiwa mjomba ni mama mwenye ndevu. Sikutaka mafundi waone unaumbuka. Nikakuacha uniumbue mimi, nikachukua begi langu. Kila nikilala naukumbuka ule mkono.

Tarehe 31 Mei. Sitaandika tena kabla yake.

Mpwa wako

*

Tarehe 9 Agosti

Mpwa wangu,

Bwana asifiwe, ingawa leo nimeliandika neno hilo nikaliangalia kwa muda.

Mkaza mjomba wako anaendelea vizuri, anatumia kitambaa. Mjukuu anatembea, anaanguka, anatembea. Mama yako mzima, habari zake nitazileta mbele.

Tarehe 31 Mei imepita, na ni mimi niliyeipitisha. Barua yako ilinifikia tarehe 19 Mei. Nilikuwa na siku kumi na mbili. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye stoo, nikaitia katikati ya Biblia, nikaiacha humo. Kila alfajiri nilikuwa nafungua Biblia upande mwingine. Ndivyo nilivyosali siku kumi na mbili zile, mpwa wangu, nikimzunguka Mungu kama mtu anayekwepa mtaa wa mdai wake.

Walimu walikuwa wanakaa kikao tarehe 2 Juni. Nilijiambia nikishapata kazi nitakuandikia, utasubiri mwaka mmoja, mwaka si kitu. Mwaka wako niliuona si kitu. Mwaka wangu mimi nilikuwa naulilia.

Wakanipa kazi. Ghorofa nne. Niliitwa ofisini kwao, nikapewa soda, mwenyekiti akasimama kuniombea. Kwenye maombi yake akasema, "Tunakushukuru kwa mtumishi wako ambaye slabu zake unazimwagilia wewe mwenyewe." Habari ya umande ilikuwa imeshafika mpaka kwa walimu. Nikasema amina.

Jioni ile nikapita kwa Mkunga, sijui kwa nini. Alikuwa amekaa chini ya ule mstari, ametandaza beseni tatu zinakinga maji. Akasema, "Karibu Fundi, chagua beseni."

Nikamwambia. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana sikuthubutu kukaa. Kwamba zege halikuwa dhaifu. Kwamba hesabu yako ilikuwa sawa mpaka mfuko wa mwisho. Kwamba zilibaki saa mbili na nusu za kazi nami nikazima mashine, na Jumatatu uliniomba nusu siku ya kulichokoa zege la zamani ili lipokee jipya, nikakupa nusu saa.

Akaniuliza, "Ulizima kwa sababu gani?"

"Siku ya Bwana ilikuwa inaingia, mama."

"Saa kumi na mbili ya Jumamosi?"

"Ni taratibu yangu."

Akasema, "Fundi, mimi nimezalisha watoto elfu mbili na mia tatu. Unadhani waliuliza leo ni siku gani? Ningekuwa Siku Sita kama wewe, nusu ya mji huu ingekuwa bado tumboni."

Nilitaka kucheka, nikaona macho yake hayacheki.

"Nilikupa kazi kwa sababu ya bango lako," akasema. "Niliona mtu anayemwogopa Mungu Jumapili, nikadhani atamwogopa na siku ya kuulizwa na mkaguzi. Yule msichana alisimama pale, amebeba begi, nami nikamgeuzia mgongo. Umenifanya na mimi nimkosee."

Nilimsaidia kumwaga beseni moja.

Kuna jambo sikumwambia hata yeye. Nakuandikia wewe kwa sababu ulikuwepo, ingawa ulikuwa kwenye mashine na hukusikia. Saa kumi na mbili kasoro Jumamosi ile, kwaya ilikuwa inapita kwenda mazoezini. Walisimama kwenye uzio kutuangalia. Mchungaji akaangalia saa yake, akanipigia kelele kwa utani, "Siku Sita, muda wako huo, au leo tukuite Siku Saba?" Wakacheka wote. Ulikuwa umeshanifuata mara mbili kuniambia tumalize. Nilikuwa naelekea kukubali, Mungu ni shahidi, kwa sababu macho yangu ni ya fundi na niliona ulivyokuwa sahihi. Kile kicheko kikanishika shingo. Nikazima. Wakapiga makofi pale kwenye uzio. Sikuzima kwa ajili ya Mungu. Nilizima kwa ajili ya watu kumi na wanane wenye vitabu vya nyimbo.

Na ufunguo. Nilijua. Nilijua kila Jumatatu kwa miaka sita. Nilikuwa nikifika naona nyayo zako zilizolowa kwenye ngazi ya mbao, navuka juu yake. Mwanzoni nilikuwa najiambia nitakupa chochote mwisho wa mwezi, baadaye nikaacha kujiambia. Mwishowe nilianza kuamini umande. Mtu anaweza kufika huko, nilikuwa sijui. Ukisema kitu mbele ya watu wakapiga makofi, kesho yake unakikuta ndani yako kimeshajenga nyumba.

Niliyofanya ni haya, nayaandika kwa mpangilio ili ujue hakuna lililofichwa.

Tarehe 5 Juni nilikwenda kwa mkaguzi. Alinisikiliza, akatoa faili, akaniambia nirudi na maandishi na daftari. Daftari unalo wewe, lakini mtunza stoo alikuwa na nakala ya sahihi. Ripoti imerekebishwa. Jina lako limetoka, langu limeingia. Nimefungiwa kupokea jengo la ghorofa kwa miaka mitatu.

Walimu waliandika barua ya mistari minne, hawakuniita ofisini. Kazi imekwenda kwa mwingine. Nimepiga hesabu: kifungo kitakapoisha nitakuwa na hamsini na sita. Nilikaa na hesabu hiyo siku nzima. Nilikuwa nimemwekea Mungu tarehe, kama ninavyomwekea mwenye lori.

Slabu ya Mkunga tumeifumua kwenye mstari na kuijaza upya kwa gharama yangu, nikichokoa mimi mwenyewe kwa patasi, siku mbili nzima, si nusu. Mvua imenyesha mara tatu. Beseni ziko kabatini.

Kanisani nilikuwa sitaki. Lakini Jumapili moja mchungaji aliuliza nani ana neno, nikajikuta nimesimama. Akasema, "Umande tena, Siku Sita?" Watu wakacheka. Nikasema, "Hapakuwa na umande. Alikuwa mpwa wangu na ndoo." Nikakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Mpiga kinanda aliinua mikono, akairudisha mapajani. Mama yako aligeuka akaniangalia. Hakutabasamu, lakini aliniangalia, na jioni nilipompitia alitoka jikoni.

Barua yako hii hapa. Nimeandika hivi: "Alifanya kazi ya ujenzi chini yangu miaka sita na miezi minne, tangu siku ya kwanza, ikiwa ni pamoja na Jumapili ishirini na tatu za kumwagilia zege, kwa agizo langu na bila malipo." Mwanzo nilihesabu ishirini na mbili, nikadhani umekosea. Kisha nikakumbuka ile slabu ndogo ya baraza. Hukukosea.

Najua imekuja nyuma ya tarehe na kwamba nimekula mwaka wako. Nimeambatanisha na malipo ya hizo Jumapili, kwa kiwango cha msimamizi, si cha mbeba maji. Siombi urudi. Naomba unisamehe, na ukiweza kuniandikia neno hilo nitashukuru, hata kwa karatasi ya duara la birika.

Mjomba wako

*

Tarehe 20 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Nimeandikiwa na mama. Anasema ulimletea mkaa na hukukaa kwenye kiti mpaka akakuambia. Anasema pia unapungua. Kula.

Mimi mzima. Mlango umepata fundi, ambaye ni mimi.

Barua niliipeleka ofisi ya usajili. Karani aliisoma, akafika kwenye Jumapili ishirini na tatu, akaita mwenzake wa meza ya pili, naye akaisoma. Akaniuliza, "Aliyeandika hii alikuwa mgonjwa?" Nikasema, ni mzima, ni mjomba wangu. Akaangalia muhuri, akatafuta jina langu kwenye orodha ya ripoti, hakuliona. Nimesajiliwa kwa mtihani wa mwaka ujao. Mwaka umepotea, na huo haurudi kwa muhuri, lakini jina langu nimelisoma kwenye daftari lao limeandikwa vizuri, na mbele yake pameandikwa miaka sita na miezi minne. Nilitoka nje nikasimama kwenye ukuta kidogo.

Malipo nimepokea. Nimezidisha mwenyewe, yako sawa. Nimenunua kipimo cha maji cha kusawazishia, kizuri, cha alumini. Kilichobaki ni ada ya mtihani.

Uwanjani nimepewa usimamizi. Tuko sita. Zamu za Jumapili nimezigawa, kila mtu anafikiwa mara moja kwa wiki sita, jina lake linaandikwa ukutani, na analipwa. Nimeomba kwa ajili ya hilo kabla sijalipeleka kwa mwenye uwanja. Usidhani niliacha kuomba. Niliacha kuomba kwa ajili ya bango lako tu.

Kuhusu hamsini na sita: kwani Mungu alikuambia hamsini na mitano?

Umeniomba msamaha. Nimelisoma ombi lako, nimelisoma na mara ya pili. Neno lenyewe nimejaribu kuliandika hapa, nikaona nalazimisha mkono. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mbao hazivuliwi siku ya tatu kwa sababu mwenye nyumba ana haraka. Liache zege limalize siku zake. Halijaharibika, linashika.

Ukitaka kuja kuniona, njoo. Dereva anajua njia. Njoo Jumatano, njoo Alhamisi, hata Jumamosi jioni. Jumapili usije. Isipokuwa siku ya zamu yangu, Jumapili nikitoka ibadani nafunga mlango, nalala mpaka saa kumi, na sitaki mtu aniamshe.

Mpwa wako